Nywele Zinazoanguka Baada ya Safari

Aghalabu mtu aonapo nywele zake zinang'oka, humshtaki aliye karibu. Hulaumu sabuni aliyoinunua juma lililopita, maji ya kisima alichoanza kuchota, mkono wa msusi aliyemsuka Jumamosi, au jicho la jirani aliyemsifu mbele za watu. Na hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambapo karibu kila mtu ni mgeni na kila kitu ni kipya kwake, washtakiwa wa namna hii hawakosekani. Ususi ndio riziki yangu tangu ujana, na katika kazi hiyo nimeyasikia mashtaka hayo kutoka kwa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, kila kaumu kwa lafudhi yake, hata nikafikia kuamini, kwa yakini niliyoipata pia kwa matabibu wenye elimu kunishinda, kwamba mara nyingi mshtakiwa hana hatia, kwa kuwa sababu yenyewe ilikwisha kupita miezi mitatu nyuma, na pengine ilibaki upande wa pili wa mpaka.

Nalizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili katika mji wa Bujumbura, nikalelewa na Mama Mkubwa, ambaye uani kwake palisukwa maharusi wengi, na ambaye alinifundisha kugawa njia za nywele kwa ncha ya chanuo kabla sijajua kusoma vizuri. Mji ulipochafuka mwaka 2015, baada ya tangazo kwamba rais wa Burundi atagombea muhula wa tatu, tulitoka pamoja na maelfu ya wengine, tukapitia Rwanda, tukafika katika makazi haya ya wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo tangu hapo hayajapata kukosa wageni. Kibanda changu kipo Base Camp, si mbali na barabara, kina viti viwili, kioo, na benchi la wanaosubiri. Nadhani ni kazi chache zimwekazo mtu karibu na siri za wenziwe kama hii yetu, maana mteja aketipo na kukupa kisogo huyanena mambo asiyoweza kuyanena akitazamwa usoni, na mkono wa msusi ukiwa kichwani mwake hujua mengine ambayo hata yeye hajayasema.

Sharti kwanza tuelewe desturi ya nywele zenyewe. Unywele hauoti pasi na kukoma. Kila mmoja una majira yake, hukua kwa miaka 2 hadi 6, na kwa wengine zaidi, kwa kadiri ya sentimita 1 kila mwezi, kisha shina lake husinyaa, likapumzika yapata miezi 3, halafu likauachilia uanguke na kuanza kuotesha mwingine mahali pale pale. Katika kichwa chenye siha, nywele 85 hadi 90 katika kila 100 zimo katika kukua na zilizosalia zimo mapumzikoni, ndiyo sababu kuanguka kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku si maradhi, ijapokuwa mwenye kuzihesabu kwenye mto asubuhi huingiwa na hofu. Lakini mwili ukipatwa na mshindo mkubwa, kama vile homa kali ya malaria, upasuaji, kuzaa, njaa, kukonda kwa ghafla, au huzuni iliyokita moyoni, huzipeleka nywele nyingi mapumzikoni kwa mkupuo mmoja, kama mwenye nyumba aliyefilisika anavyowaaga vibarua wa bustani ili akiba iliyobaki iwatoshe watoto. Nywele hizo haziondoki siku ile. Hukaa mahali pake kwa utulivu muda wa miezi miwili au mitatu, mwenyewe akidhani amesalimika, ndipo zinapoanza kung'oka kwa pamoja, wakati homa imesahauliwa na safari imekwisha. Hali hii ilielezwa kwa utaratibu na daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, mwaka 1961, na mimi naiona kila baada ya misafara mipya kufika, pasipo kuhitaji kitabu.

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 alikuja kwangu mama mmoja wa Rutshuru, mashariki ya Kongo, amejifunga kitenge kichwani hata nyusi hazionekani. Alipokifungua, akafungua na pembe ya kitenge hicho, na ndani yake mlikuwa na donge la nywele alizokuwa akizikusanya kutoka kwenye chanuo, kwa kuwa hakutaka zikanyagwe wala ziokotwe na mtu, na alikusudia kuzifukia. Sikumcheka, maana hata kwetu Buyenzi nywele hazitupwi ovyo. Nilizitwaa chache nikazitazama juani: kila moja ilikuwa ndefu kamili, na mwishoni mwake palikuwa na kinundu kidogo cheupe, mfano wa punje ya chumvi. Unywele wenye kinundu hicho umeng'oka wenyewe baada ya kupumzika. Usio nacho, na ambao ni mfupi na ncha yake imepasuka, umekatika njiani, na tiba yake ni nyingine kabisa. Nilimweleza hivyo, naye akanijibu kwa upole, "Dada, nakusikia, lakini maji ya huku ndiyo yananimaliza." Alikuwa mnyonge, akisema akisimama huona kiza, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko nywele zake. Kituo cha afya kilimpa barua ya rufaa, nami nikamsindikiza mjini Mbarara kwa kuwa hakujua Kiingereza wala Kinyankole.

Katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara tulipokewa na daktari mwanamke, kijana wa umri lakini mtulivu kama mtu mzima. Alikishika kishungi cha nywele zipatazo 60 baina ya vidole vyake, akakivuta polepole kutoka shinani hadi nchani, na zilizobaki mkononi mwake zilizidi kumi, ilhali kwa kichwa chenye siha hazipaswi kuzidi chache tu. Akafanya hivyo utosini, kisha panjani, kisha kisogoni. Alimfunua ukope wa chini, akautazama weupe wake. Ndipo akauliza, nami nikitafsiri, swali ambalo tangu siku ile nimelifanya kuwa langu: "Mama, mwezi wa sita ulikuwa wapi?" Yule mama alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasimulia yote mfululizo: jinsi mji wa mpakani wa Bunagana ulivyotekwa tarehe 13 Juni, jinsi alivyovuka mpaka kwa miguu na watoto wake bila ya sufuria wala godoro, jinsi walivyolala Nyakabande, huko Kisoro, katika umati usiohesabika, na jinsi homa ilivyomshika kule hata akawa hajui usiku wala mchana. Daktari aliandika, akaweka kalamu, akasema, "Mwambie mashina yote yapo hai. Zilizoanguka leo ni nywele za mwezi wa sita."

Vipimo vilionyesha damu pungufu, akapewa vidonge vya madini ya chuma, na akaambiwa kwamba kung'oka kutapungua kwenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita, ila urefu utachukua muda zaidi kurudi, kwa kuwa sentimita 1 kwa mwezi haibembelezeki. Hakupewa mafuta yoyote. Njiani alikaa kimya, na tulipoishuka ile milima ya migomba ya Isingiro akaniuliza kama kweli mwili huweza kukumbuka namna ile. Baadaye, kabla ya mvua za mwaka uliofuata kwisha, niliziona kwa macho yangu nywele changa zimesimama wima kwenye ukingo wa paji lake, fupi na laini, ambazo alizidhania zimekatika mpaka nilipomwonyesha kwa kioo kwamba ncha zake ni nyembamba na kamili, alama ya unywele unaoota.

Wala hata kabla ya hapo sikuweza kutenganisha nywele na sahani. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, na mwezi wa Februari mwaka 2021 likaufikisha upungufu huo asilimia 40. Na mwenye kuishi kwa mgao hahitaji kuelezwa ni nini kinachoondoka kwanza chunguni. Mwanamke aliye katika umri wa hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na asipoyarudisha kwa chakula, damu hupungua, na nywele nazo hunywea, zikawa nyembamba na kuanguka kichwa kizima bila kuacha kipara mahali pamoja. Kwa hiyo nilipoona vichwa vingi vikinyonyoka wakati ule, nilisema na wateja wangu habari za maharage, za dagaa wanaoitwa hapa mukene, ambao kipimo kidogo chake kina nguvu kuliko watu wanavyokadiri, na za lengalenga, ambayo wenyeji huiita dodo na ambayo huota hata kando ya choo. Kuna jambo dogo lisilogharimu kitu: chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia madini hayo yasiingie mwilini, na ndimu ikikamuliwa juu ya maharage au mboga huyasaidia, basi mtu na asubiri saa moja baada ya kula, kisha anywe chai yake. Ama hivyo vidonge vya vitamini vya nywele vinavyouzwa kwa bei ghali mjini, mwenye kula vizuri havimzidishii kitu, na vile vyenye vitamini A nyingi huweza hata kuziangusha nywele alizokusudia kuziotesha.

Wazazi nao wana fungu lao. Wakati wa mimba nywele huchelewa kuanguka, kichwa kikajaa na kupendeza. Baada ya kujifungua, yapata mwezi wa tatu au wa nne, zile zilizocheleweshwa zote huondoka kwa pamoja, na mama akadhani amehusudiwa. Zitarudi, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka au punde baada ya hapo, na dawa yake ni chakula na kuachwa kichwa kipumzike.

Nimeeleza mpaka sasa yale yasiyotoka mikononi mwa watu. Yapo yatokayo mikononi mwetu sisi wasusi, nayo ndiyo yanichomayo. Wateja hupenda kusema, wakiwa wamekunja uso kwa maumivu, "Ukitaka uzuri sharti udhurike," na baadhi ya wasusi huipokea methali hiyo kama ruhusa ya kuvuta zaidi. Unywele uvutwao kila siku kwa kusukwa kwa kubana, hasa unapoongezewa uzito wa meche ndefu, yaani nywele za bandia, hulegea shinani, na mahali pa kwanza kuonyesha ni panjani na ukingoni mwa paji la uso, ambako nywele ni changa na dhaifu. Dalili zake za mwanzo hazifichiki kwa mwenye kutazama: vipele vidogo vinavyozunguka mashina siku ya pili, ngozi iliyoinuka kama hema pale kila msuko unapoanzia, kichwa kinachouma hata mtu asiweze kulala kwa ubavu. Kisha ukingo hurudi nyuma, ukiacha mstari wa vinyweleo vichache mbele, mahali mpaka wa zamani ulipokuwa. Si maradhi ya Waafrika peke yao, kama wengine wanavyodhani kwa uchungu. Maelezo ya kwanza ya utabibu juu yake yaliandikwa mwaka 1907 kuhusu wanawake wa Greenland, waliozoea kuzifunga nywele zao juu kwa kuzikaza sana.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote niliupata bila kuutafuta. Mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, saluni zote za Uganda zilifungwa, na hazikufunguliwa mpaka mwezi wa Julai. Ilikuwa dhiki kwetu, na sitaki kuipamba. Lakini tulipofungua, wanawake walirudi wakiwa na nywele zao wenyewe, zilizofungwa mafundo legevu au kufunikwa kilemba tu, na panja ambazo nilizijua kuwa tupu kwa miaka zilikuwa zimeota malaika, na juu ya malaika zile nywele za kweli zilianza kuonekana. Hakuna aliyekuwa ametumia dawa, kwa kuwa fedha ya dawa haikuwapo. Wengine walinyang'anywa na dhiki ile mapambo yote, ikawapa jambo ambalo mimi na ujuzi wangu wote nisingeliwashawishi kulikubali, nalo ni miezi minne ya kuachwa. Hawakupona wote. Wale ambao panja zao zilikuwa zimekwisha kuwa laini zenye kung'aa, bila vitundu vya mashina, walibaki kama walivyokuwa, maana pale shina limekufa na kovu limefunika mahali pake.

Kutoka mwezi ule wa Julai nilibadili kazi yangu. Nywele za ukingoni huziacha nje ya msuko. Meche huipunguza kwa unene na urefu. Sisuki juu ya nywele zilizotoka kutiwa dawa ya kulainisha, kwa sababu dawa ile hudhoofisha unywele na uzito wa meche humalizia kazi hiyo. Na mteja akiniambia yaumiza, hufumua hata kama nimefika nusu. Wapo waliohama kwenda kwa wengine wakinishutumu kuwa misuko yangu hailali imara majuma sita. Nawaombea heri, ila binti zao wadogo, ambao huletwa kusukwa kabla ya shule wakiwa na machozi, mimi huwasemea kwa nguvu, kwani kichwa cha mtoto wa miaka sita hakina uwezo wa kujitetea.

Katika soko letu hupita wauzaji wenye chupa zisizo na maandishi, wakiahidi nywele katika siku saba. Namkumbuka mmoja aliyemuuzia jirani yangu mafuta yaliyomchoma ngozi hata ikatoa maji. Ahadi ya siku saba haiwezi kuwa kweli kwa kitu kinachokua sentimita 1 kwa mwezi. Hesabu hiyo peke yake yatosha kumtambua muongo. Mafuta ya nazi ni mema, kwa kuwa hupenya ndani ya unywele na kuupunguzia kukatika, lakini hayaoteshi palipo tupu. Mafuta ya nyonyo, yasifiwayo kila mahali, hulainisha tu, na sijaona kichwa yalichokirudishia nywele. Majirani zangu Wasomali huosha vichwa kwa unga wa kasili, ambao ni majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa, yale yale ambayo kwetu Waislamu hutumika kuoshea maiti, na nimeyapenda kwa sababu husafisha mba na jasho bila ya ukali wa sabuni ya mche ambayo wengi wetu hulazimika kuitumia kwa kila kitu.

Wanaume huja kwangu kwa siri zaidi. Mwendesha bodaboda mmoja, kijana bado, alinisubiri mpaka wateja wote walipoondoka, akavua kofia, akaniuliza kama kuna dawa ya upara, kwa maana panja zake zilikuwa zimerudi nyuma na utosi umeanza kung'aa. "Mwanangu," nikamwambia, "baba yako alikuwaje? Na wajomba zako?" Upara wa namna hii hurithiwa kwa upande wa baba na wa mama, nao huletwa na homoni za kiume zinazozisinyaza mashina mwaka baada ya mwaka, wala si dalili ya upungufu wowote wa mwili. Dawa zipo mbili zenye ushahidi. Ya kwanza ni minoksidili, iliyotengenezwa kwa ajili ya shinikizo la damu mpaka wagonjwa walipoonekana wakiota nywele, ikafanywa ya kupaka na kuruhusiwa Marekani mwaka 1988; hupakwa kila siku, wanaume kwa kipimo cha asilimia 5 na wanawake aghalabu cha asilimia 2, isipokuwa wajawazito na wanyonyeshao, na matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi minne hadi sita, tena majuma ya mwanzo huweza kuziangusha nywele zaidi. Ya pili ni finasteridi, kidonge kilichoruhusiwa huko mwaka 1997 kwa wanaume tu, ambacho mwanamke mwenye mimba hapaswi hata kukishika kikiwa kimevunjika, na ambacho hutolewa na daktari baada ya kueleza madhara yake. Tulikaa naye tukapiga hesabu ya chupa moja kila mwezi, kwa kuwa dawa zote mbili hufanya kazi muda zinapotumika na ukiziacha nywele zilizorudi huondoka tena. Alitazama hesabu ile, akavaa kofia, na juma lililofuata akaja anyolewe kichwa kizima. Alipendeza.

Watoto wenye mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi, wana mapunye. Huambukizwa kwa mashine za kunyolea, vitana na kofia, na marhamu ya kupaka haifiki shinani. Hutakiwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma sita hadi manane, ikiliwa pamoja na chakula chenye mafuta, na ndugu wanaolala kitanda kimoja watazamwe wote. Kinyozi asiyesafisha mashine yake kwa spiriti baada ya kila kichwa anawalipisha wazazi mara mbili.

Mwenye kuanguka nywele kidogo kidogo kichwa kizima, akaikumbuka homa, uzazi, njaa au msiba wa miezi mitatu nyuma, na awe na subira, ale, apime damu. Lakini mwenye kuwashwa au kuungua utosini, na pale pakawa pananyonyoka kuelekea nje huku ngozi ikianza kung'aa, na mwenye baka lililo tupu ghafla, laini kama kiganja, na mwenye nywele zinazopungua pamoja na kukonda, uvimbe wa shingo, kuona baridi isiyoisha, au upele mwilini, hao wasingojee miezi mitatu wala wasikae kitini pangu. Huenda ni tezi la shingo, kaswende, virusi vya UKIMWI, au maradhi ya ngozi yanayoacha kovu, na yote hayo yana tiba au hudhibitika yakishikwa mapema. Waende kituoni wakaombe barua ya rufaa, na asiyejua lugha ya mjini anijulishe siku moja kabla, maana gari la Mbarara huondoka alfajiri.